Viti 15 vya Tuvalu

Nikifika kwenye mada ya mifumo ya serikali, huwa natoa madawati yote nje na kubakiza darasani viti 15 vya mbao. Navipanga safu mbili zinazotazamana, 8 upande wa madirisha na 7 upande wa ukuta. Karibu na mlango naweka stuli moja, peke yake, isiyo ya upande wowote. Wanafunzi wakiingia huanza kuulizana kuna nini leo. Nawaambia leo sisi ni Bunge la Tuvalu, na kabla kengele haijalia kuna serikali itaanguka humu ndani.

Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilieleza mfumo wa kibunge kwa mfano wa Uingereza, kama nilivyofundishwa mimi. Haikunisaidia. Bunge la watu 650, vyama vyenye historia ndefu kuliko nchi nyingi duniani, mabishano, makelele. Mwanafunzi anakariri kwamba "serikali inawajibika kwa Bunge", anaiandika kwenye mtihani, anapata alama zake, na moyoni hajui ameandika nini. Halafu mwaka 2013, mwezi wa saba, nikakutana na habari fupi kutoka Tuvalu. Kesho yake nikatafuta nyingine. Ikawa naamka alfajiri kusoma kilichotokea, maana kwao muda huo tayari ni mchana. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo nililinunua kwa kazi nyingine kabisa, na katika wiki mbili zile nililijaza kurasa 11. Ninalo hadi leo, na ndilo ninaloingia nalo darasani.

Tuvalu ni visiwa 9 vya matumbawe katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ardhi yake yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26, na watu wake ni kama 11,000. Ilikuwa koloni la Uingereza pamoja na Visiwa vya Gilbert, ikajitenga navyo, ikapata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1978. Jina lenyewe lina maana ya "wanane waliosimama pamoja", kwa sababu zamani visiwa vilivyokaliwa vilikuwa 8. Kisiwa cha tisa, Niulakita, kwenye uchaguzi kinahesabiwa pamoja na Niutao. Kila jimbo ni kisiwa, na kila kisiwa kinatoa wabunge wawili. Nukulaelae kwa sababu ya udogo wake kilikuwa na mmoja tu hadi uchaguzi wa 2019, ndiyo maana Bunge ninalolipanga mimi lina viti 15. Leo lina 16.

Na hakuna chama cha siasa. Hata kimoja. Hapa wanafunzi hunikatiza kila mwaka. "Mwalimu, sasa serikali inaundwaje kama hakuna chama kilichoshinda?" Ni swali zuri kuliko yote ninayoulizwa mwaka mzima, kwa sababu linatulazimisha kurudi kwenye kiini. Chama hurahisisha hesabu tu. Katika mfumo wa kibunge, serikali huundwa na kundi la wabunge ambalo ni zaidi ya nusu. Basi. Wawe wamefungwa pamoja na kadi za chama, au wameshikana kwa neno la mdomo tu, sheria haijali.

Mtu wa Nanumea, kisiwa cha kaskazini kabisa, anapiga kura kuchagua watu wawili wa Nanumea. Hapigi kura ya Waziri Mkuu. Wale wawili wanapanda meli kwenda Funafuti, kwenye makao ya serikali pale Vaiaku, kwa kuwa uwanja wa ndege uko Funafuti peke yake na visiwa vingine vyote hufikiwa kwa maji. Huko wanakutana na wenzao, wanazungumza, wanapimana, wanaahidiana. Kisha Gavana Mkuu anawaita, na wao wenyewe kwa kura ya siri wanamchagua mmoja wao awe Waziri Mkuu. Naye anapendekeza mawaziri kutoka kwenye wabunge haohao. Ukijumlisha mawaziri na Waziri Mkuu wao unakuta karibu nusu ya Bunge ndiyo serikali.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi kuliko kitabu chochote kinavyoweza kueleza. Watu walipiga kura tarehe 26 Januari. Waziri Mkuu aliyekuwepo, Kausea Natano, alipoteza kiti chake cha Funafuti, akawa si mbunge tena. Matokeo yalijulikana mapema, wabunge 16 walijulikana kwa majina, lakini nchi ilikaa wiki nne bila kupata Waziri Mkuu mpya. Sababu ilikuwa bahari. Hali ya hewa ilichafuka, meli zikashindwa kuwaleta wabunge wa visiwa vya mbali hadi Funafuti. Walipofika na kukaa pamoja, tarehe 26 Februari Feleti Teo wa Niutao alitangazwa kuwa Waziri Mkuu, na hata kura haikupigwa, kwa sababu jina lake lilikuwa peke yake. Shughuli nzima ilichukua muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasa langu. Kusubiri ndiko kulichukua mwezi.

Nataka wanafunzi walishike hilo kabla hatujaenda mbele. Wingi wa wabunge hauna maana yoyote wakiwa wametawanyika. Mpaka wakae chumba kimoja na kuhesabiwa.

Sasa turudi kwenye viti 15.

Septemba hadi Desemba 2010 huwa naipitia haraka. Maatia Toafa alichaguliwa Waziri Mkuu mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Tarehe 21 Desemba aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, 8 kwa 7. Hakumaliza hata miezi mitatu. Mmoja wa mawaziri wake, Willy Telavi wa Nanumea, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi hiyo, alihamia upande wa pili, na siku tatu baadaye yeye ndiye aliyechaguliwa Waziri Mkuu, 8 kwa 7 tena, akimshinda Enele Sopoaga. Darasani hii naionyesha kwa kumwambia mwanafunzi mmoja anyanyue kiti chake avuke nacho katikati ya chumba. Anavuka hatua nne. Wale aliowaacha wanazomea, wale aliowafuata wanapiga makofi, na serikali imebadilika. Hakuna kura ya wananchi iliyopigwa, na hakuna sheria iliyovunjwa.

"Kwa hiyo Mwalimu, Waziri Mkuu amechaguliwa na watu 8 tu?"

Ndiyo, mwanangu. Na walewale 8 wanaweza kukichukua walichompa siku yoyote wakitaka. Rais katika mfumo wa urais ana miaka yake aliyopewa na wananchi, na kumtoa kabla ya hapo ni kazi nzito. Waziri Mkuu hana miaka. Ana watu, na asubuhi wakipungua mmoja hadithi imekwisha.

Kiti kinachobeba hadithi yote iliyobaki ni kimoja cha Nukufetau. Kisiwa hicho kina watu mia kadhaa tu. Wabunge wake wawili walikuwa Enele Sopoaga, kiongozi wa upinzani, na Lotoala Metia, waziri wa fedha wa Telavi. Yaani jimbo moja, mmoja huku na mmoja kule. Wazee wa kisiwa hawakulipenda hilo. Katika Tuvalu kila kisiwa kina baraza la jadi liitwalo falekaupule, na lina uzito, kwa sababu mambo ya ardhi, kazi za pamoja na heshima ya mtu yamepitia hapo kwa vizazi. Falekaupule ya Nukufetau ilimtaka Metia ajiuzulu ubunge kwa kuwa alijiunga na kundi wasilolitaka. Januari 2011 watu wa Nukufetau walioko Funafuti walianza kuandamana, na serikali ikapiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 10 kwa siku 14. Metia alikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2012 mahakama ilisimama upande wake dhidi ya wazee.

Hapa huwa naacha darasa libishane muda mrefu, na sijutii kipindi kikiisha kabla ya kufika mwisho. Mbunge ni mali ya nani? Wengine husema wazee walikuwa na haki, kwani bila kisiwa yule bwana asingekuwa chochote. Wengine husema kura ikishapigwa, mbunge ana dhamiri yake. Mimi nakubaliana na mahakama, na nawaambia hivyo bila kujificha. Wazee wakiweza kumng'oa mbunge kila anapowaudhi, hakuna mbunge atakayethubutu kuiangusha serikali wala kuilinda, na hesabu ya Bunge itakuwa inafanyika mahali pengine gizani. Lakini uchungu wao nauelewa. Kwenye kisiwa cha watu mia kadhaa mbunge hakimbii mtu. Anasali nao, anazika nao.

Tarehe 21 Desemba 2012 Metia alifariki.

Nakiinua kiti chake na kukigeuza uso ukutani. Darasa hunyamaza, hata lile lenye fujo. Sasa ni 7 kwa 7.

Halikuwa jambo geni kwa Telavi. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Julai 2011, waziri mwingine, Isaia Italeli wa kisiwa cha Nui, alifariki akiwa Samoa. Uchaguzi mdogo ulifanyika Agosti, mjane wake Pelenike Isaia akagombea na kushinda, akawa mwanamke wa pili kuingia Bunge la Tuvalu tangu uhuru, na serikali ikabaki na wabunge wake 8. Mara ile uchaguzi mdogo ulikuja upesi. Mara hii, kwa kiti cha Nukufetau, haukuja. Januari ikapita, Februari, Machi, Aprili. Tangazo la uchaguzi mdogo lilikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu hakulitoa. Ilibidi Mahakama Kuu iingie tena: Mei 2013 ikaamua kwamba nafasi ikishakuwa wazi Waziri Mkuu ana wajibu wa kuitisha uchaguzi, na haachiwi kuchagua wakati unaompendeza. Kura ikapigwa Juni 28. Nukufetau ikamchagua Elisala Pita, na Pita akaenda kukaa na upinzani.

Nakirudisha kiti cha Metia, safari hii upande wa pili wa chumba. 8 kwa 7 tena, lakini kinyume.

Kila mwaka wanafunzi hudhani hapo hadithi imekwisha. Wanaanza kujinyoosha. Wanasema, basi, upinzani wana wengi, serikali imeanguka. Nawauliza: imeangukia wapi? Nani kawahesabu? Wabunge wanane wanaweza kuwa wengi wakiwa majumbani mwao, wakavua samaki wakiwa wengi, wakalala wakiwa wengi, na Telavi bado ni Waziri Mkuu, bado anasaini, bado anakaa na mawaziri wake. Mpaka Bunge likutane. Na Telavi alisema Katiba inamtaka aitishe Bunge mara moja kwa mwaka, kwa hiyo halazimiki kuliitisha hadi Desemba.

Niliposoma sentensi ile kwa mara ya kwanza nilipigia mstari mara mbili kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Nilihisi hasira ambayo sikuitarajia, kwa nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Maana huyu mtu hakuiba kura, hakumfunga mpinzani, hakufunga redio. Alikaa kimya tu, akashika ufunguo wa mlango. Na kwa ufunguo huo peke yake mfumo mzima unasimama. Miaka yote nilikuwa nafundisha kwamba nguvu ya Bunge ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuwahoji mawaziri. Hakuna hata siku moja niliyosema darasani kwamba kabla ya hayo yote kuna swali la nani anayeliita.

Hapo ndipo namtazama aliyekaa kwenye stuli ya mlangoni.

Stuli ile ni ya Gavana Mkuu. Tuvalu ilibaki na mfalme wa Uingereza kama mkuu wa nchi; mwaka 2008 waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kuwa jamhuri, na waliojitokeza wengi wakasema wabaki walivyo. Mfalme, wakati ule Malkia Elizabeth, yuko London. Anayefanya kazi yake ni Gavana Mkuu, raia wa Tuvalu, na karibu kila anachofanya anakifanya kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Mwaka 2013 alikuwa Sir Iakoba Italeli. Kazi yake siku za kawaida ni kupokea wageni, kusaini, kufungua mikutano. Mwanafunzi ninayemkalisha pale huwa nimemchagua makusudi kati ya wale wapole, na kwa nusu saa ya kwanza hana la kufanya, anawatazama wenzake wakihama na viti.

Simwambii kilichotokea. Nampa kipande cha karatasi chenye mamlaka yake, namwacha. Mwaka mmoja alikuwa binti ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono darasani. Aliisoma ile karatasi. Akaisoma tena. Wenzake wakawa wanapiga kelele, upinzani wanadai mkutano, serikali wanaimba "Desemba, Desemba". Yeye akasimama, kwa sauti ambayo ilibidi wote wanyamaze ili waisikie, akasema: "Nawaita mkutane. Kesho."

Ndivyo alivyofanya Italeli. Aliagiza Bunge likutane tarehe 30 Julai.

Likakutana, na likakwama. Spika, Kamuta Latasi, mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, hakuruhusu hoja ya kutokuwa na imani ijadiliwe. Siku hiyohiyo waziri wa afya, Taom Tanukale wa Nui, akajiuzulu si uwaziri tu bali ubunge wenyewe. Ukiangalia kwa haraka utaona serikali imejipunguzia mtu. Lakini sasa kulikuwa na kiti kitupu, na serikali ikadai kwamba Bunge lisiendelee hadi uchaguzi mdogo wa Nui ufanyike. Walewale waliokaa na kiti kitupu cha Nukufetau kwa nusu mwaka sasa hawakuweza kuvumilia kiti kitupu cha Nui hata kwa siku moja.

Mbinu hii ilikuwa na historia yake. Mwaka 2004 Waziri Mkuu Saufatu Sopoanga aliangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, na palepale akajiuzulu ubunge, ikabidi uchaguzi wa Waziri Mkuu mpya usubiri hadi jimbo lake lijaze nafasi. Jimbo lake lilikuwa Nukufetau, na alishinda tena. Saufatu Sopoanga ni kaka yake Enele Sopoaga. Kwa hiyo mwaka 2013 aliyekuwa anazuiwa kwa kiti kitupu alikuwa mdogo wa mtu aliyewahi kukitumia kiti kitupu kuzuia. Nchi ndogo ndivyo zilivyo. Kila hila ina ukoo.

Darasani, anayeigiza waziri wa Nui nampa maagizo kwa siri. Anasimama, anajiuzulu, kisha ananyanyua kiti chake na kutoka nacho nje kabisa. Mlango unafungwa. Kelele zinazofuata hapo huwa zinamleta mwalimu wa darasa la jirani kuchungulia.

Tarehe 1 Agosti ndiyo siku ninayoipenda kuifundisha kuliko zote. Telavi alitangaza kwamba anamwandikia Malkia amwondoe Gavana Mkuu madarakani. Na mamlaka hayo alikuwa nayo: mfalme au malkia humwondoa Gavana Mkuu kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Gavana Mkuu naye ana uwezo wake. Ikawa mbio. Barua iende London, au amri itoke Funafuti? Yule aliyekuwa Telavi katika darasa la yule binti aliomba karatasi kwa jirani yake, akaanza kuandika kwa haraka huku anatetemeka kwa kicheko, kalamu ikagoma, akaomba nyingine. Binti akainuka kwenye stuli, akatembea hadi katikati ya safu mbili, akasema: "Wewe si Waziri Mkuu tena." Akamwonyesha kidole yule wa Sopoaga: "Wewe shika kwa muda. Halafu wote mkae chini mpige kura."

Italeli alimwondoa Telavi, akamteua Sopoaga kukaimu, na Bunge likakaa. Tarehe 2 Agosti kura ya kutokuwa na imani ilipita, 8 dhidi ya 4. Tarehe 4 wakamchagua Waziri Mkuu kwa kura ya siri: Sopoaga 8, mpinzani wake 5. Alikaa madarakani hadi 2019.

Sasa swali ambalo haliachi kuja. Kuna mwaka liliulizwa na kijana mmoja kwa ukali, kama ananituhumu mimi. "Mwalimu, mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote amemfukuza aliyechaguliwa. Hayo si mapinduzi?"

Sijawahi kulipuuza swali hilo, na sitaki yeyote alipuuze. Wanaolifuatilia jambo hili watakumbuka Australia mwaka 1975, Gavana Mkuu John Kerr alipomfukuza Waziri Mkuu Gough Whitlam. Lakini Whitlam alikuwa bado na wingi katika baraza la wawakilishi. Saa chache baada ya kufukuzwa kwake, baraza hilo lilipiga kura dhidi ya aliyewekwa mahali pake, na Kerr akalivunja Bunge badala ya kulisikiliza. Kule mtu asiyechaguliwa aliwafungia mlango waliochaguliwa. Tuvalu ilikuwa kinyume. Telavi ndiye aliyekuwa amefunga, Italeli akafungua. Hakusema nani atawale. Alisema kaeni mhesabiwe. Kama siku ile wabunge wangemrudisha Telavi, Telavi angerudi, na Gavana Mkuu angelazimika kumwapisha kwa mkono wake mwenyewe. Hicho ndicho kipimo changu: baada ya amri ile, nani alikuwa na neno la mwisho? Walikuwa wabunge, na ilichukua siku tatu tu.

Yule kijana hakuridhika. Alisema kufungua mlango kwa kumsukuma mtu bado ni kumsukuma mtu. Nilimwandikia sentensi hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, chini ya zile 11, na kila mwaka nawasomea wanaokuja baada yake, kwa sababu sina jibu linaloimaliza. Ninachosema ni kwamba ningependa Katiba iandike wazi: wabunge wakiwa wengi na wakidai mkutano kwa maandishi, mkutano uwepo ndani ya siku kadhaa, awe amekubali Waziri Mkuu au hakukubali. Mtu mmoja asihitajike kuwa jasiri kwenye stuli mlangoni. Siku ile alikuwepo aliyesimama. Siku nyingine huenda akakaa mtu wa kusubiri simu.

Kengele ilipolia mwaka ule wa yule binti, tulianza kurudisha madawati. Vumbi, kelele, watu wanagombea nani anabeba nini. Mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia yule waziri wa Nui, kiti chake kichwani. Tulikuwa tumemsahau huko nje kipindi kizima. Akasimama katikati ya chumba, pale ambapo safu mbili zilikuwa zinatazamana, akauliza:

"Mwalimu, hiki nakirudisha upande gani?"

Nikamwambia asikirudishe bado. Watu wa Nui walipiga kura Septemba.